Maswali kwa Bi Mbegu: Homoni, ubwete, na mbegu za miti zisizotaka kuota

Safari hii barua karibu zote zinauliza homoni. Inaelekea kuna mtu ameeneza habari kwamba upo unga mweupe unaoamsha mbegu ya mti wowote ule. Nimechagua barua zenye maelezo ya kutosha. Ninyi mlioandika "mbegu zangu hazioti, nifanyeje?" bila hata kutaja mti, andikeni tena mkiwa na jina la mti, umri wa mbegu na namna mlivyoihifadhi. Mimi ni mtu wa maabara, si mpiga ramli.

Shikamoo Bi Mbegu. Nilinunua jiberelini, ile homoni ya unga mweupe, nikaloweka mbegu za mgunga usiku kucha, nikasia. Wiki ya tatu sasa, kitalu ni kitupu. Mwenzangu zake alizimwagia maji ya moto tu, na leo anang'oa miche kwa sababu imebanana. Niliuziwa unga bandia? — Kijana wa Kitalu

Marahaba. Unga wako huenda ni mzima kabisa. Swali ni kama uliingia ndani ya mbegu.

Chukua mbegu kumi ulizobakiza, ziloweke kwenye maji ya kawaida hadi kesho, kisha zimwage juu ya kitambaa uzitazame. Zilizovimba zimekunywa maji. Zile ndogo bado, ngumu, zinazong'aa na kulia zikidondoka kwenye sahani, hazijapata hata tone, na pasipopita maji homoni haipiti. Nina hakika zako nyingi zitakuwa za kundi la pili.

Mbegu za jamii ya kunde, na mgunga umo humo, zina tabaka la seli ndefu zilizosimama wima na kubanana kwenye ganda, pamoja na vitu vinavyokataa maji. Kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya mbegu, mara nyingi hakijalala hata kidogo. Kiko tayari, kina kiu tu. Ubwete (yaani usingizi wa mbegu) wa namna hii ni wa ganda, na dawa yake ni kulitoboa ganda. Mbegu chache zikwangue kwa msasa au zing'ate kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kovu la kitovu, mpaka uione rangi ya ndani. Usiende zaidi ya hapo. Zikiwa nyingi, chemsha maji, yatoe motoni, ndipo uyamwage juu ya mbegu, maji yakiwa mengi kuliko mbegu mara kadhaa, uziache humo zipoe hadi kesho yake. Karibu na kitovu kuna kidoa dhaifu ambacho joto hukifungua, na maji hupitia hapo. Ila usizipike jikoni zikichemka. Hapo utakuwa umeziua, halafu utaniandikia tena.

Mjohoro, mkrismasi na mbuyu nao wako kwenye kundi hili la ganda lisilopitisha maji. Mtiki si wa kundi hili, ingawa kokwa lake ni gumu kuliko yote hayo. Kokwa la mtiki maji hulipenya, ndiyo maana watu wa misitu huliloweka na kulianika, wakaliloweka tena na kulianika, kwa siku kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo kabla ya kununua homoni yoyote, fanya jaribio la kuloweka. Mbegu ikinywa maji, ikakaa imevimba na imara kwa wiki kadhaa bila kuoza wala kuota, hapo tuanze kuzungumza habari za jiberelini.

Shikamoo mama. Mwalimu alituambia asidi ya absisiki inalaza mbegu, jiberelini inaiamsha, basi. Lakini nani anaamua lini? Na mbegu kavu iliyokaa chupani mwaka mzima bila maji, homoni zinafanya nini humo? — Mwanafunzi wa baiolojia

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili kwa raha tu.

Tuanze mbegu ikiwa bado ndani ya tunda, juu ya mti. Kiinitete kina maji, kina sukari, kina joto. Kila kitu cha kukifanya kiote kipo. Kinachokizuia kisiote humo humo ni asidi ya absisiki, ambayo wengi huifupisha ABA. Sehemu yake hutoka katika tishu za mti mama. Sehemu nyingine hutengenezwa na mbegu yenyewe, na hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa katika kujenga ubwete. Hiyo hiyo ABA ndiyo inayokiagiza kiinitete kilimbikize protini na mafuta ya akiba, na kijiandae kukauka bila kufa. Yako mahindi ambayo jeni zake za ABA zimeharibika: punje zake huchipua zikiwa bado kwenye gunzi, shambani.

ABA ilipatikana kwa njia mbili zilizokutana. Mwaka 1963 kundi la Frederick Addicott, Marekani, lilikuwa likitafuta kinachoangusha matunda machanga ya pamba. Wakati huo huo Philip Wareing, huko Uingereza, alikuwa akichunguza majani ya miti inayolala wakati wa baridi. Kufikia 1965 ikathibitika kwamba vitu vyao viwili ni kitu kimoja. Jiberelini yenyewe ilianzia kwenye ugonjwa wa mpunga. Miche iliyougua ilirefuka kupita kiasi, ikawa myembamba, ikaanguka. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwenye kuvu ya ugonjwa huo, bila kuvu yenyewe, yalitosha kuirefusha miche. Leo zinajulikana jiberelini zaidi ya 130, ingawa zinazofanya kazi moja kwa moja ndani ya mmea ni chache sana. Inayouzwa madukani, GA3, hadi leo hutengenezwa kwa kuifuga kuvu ile.

Sasa nani anaamua? Watu hupenda mfano wa breki na mafuta ya gari: ABA breki, jiberelini mafuta. Mimi mfano huo siupendi, kwa sababu jiberelini haisukumi chochote. Ndani ya seli kuna protini zinazoitwa DELLA, na kazi yake ni kuzishika jeni za ukuaji zisifanye kazi. Jiberelini ikiingia kwenye kipokezi chake, ambacho kilitambuliwa kwenye mpunga mwaka 2005, kipokezi hicho huishika DELLA na kuifanya iwekewe alama ya kuharibiwa. Kizuizi kikiondoka, ukuaji huendelea wenyewe. ABA nayo huanzia kwenye vipokezi vyake, vilivyotambuliwa mwaka 2009. Ikivifikia, hufunga vimeng'enya vilivyokuwa vikizinyamazisha protini fulani, na protini hizo zikishaamka huzuia uotaji. Kwa hiyo kila upande ni mlolongo wa vizuizi vinavyozuia vizuizi vingine, na pande hizo mbili hazikai mbalimbali. ABA ikizidi, utengenezaji wa jiberelini hupungua. Jiberelini ikizidi, ABA huvunjwa.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Mbegu yenye ubwete ikilowa haikai tu na ABA yake ya zamani. Hutengeneza mpya! Ile isiyo na ubwete ikilowa, ABA yake hushuka ndani ya saa chache, kwa sababu kimeng'enya cha kuivunja huanza kazi mapema. Kwa hiyo ukipima mbegu mbili kavu ukakuta ABA zinalingana, bado moja inaweza kuota wiki hii na nyingine isiote kabisa. Kinachozitofautisha ni zitakavyofanya baada ya kulowa, na kila moja ina wepesi gani wa kuisikia homoni. Kipo pia kitu kinachoitwa DOG1, jeni iliyotambuliwa mwaka 2006 kwenye mmea mdogo wa maabara unaoitwa Arabidopsis. Protini yake hukusanyika mbegu inapokomaa, na mbegu ikikomaa katika hali ya ubaridi hukusanyika zaidi. Ndiyo maana mbegu za mti ule ule, zilizovunwa katika misimu miwili tofauti, zinaweza kukupa tabu tofauti kabisa.

Kuhusu chupa yako: mbegu ikiwa kavu sawasawa, maji hayatoshi kuendesha vimeng'enya. Hata hivyo haikai bila kubadilika. Oksijeni huzila polepole baadhi ya protini na RNA zilizohifadhiwa humo. Baada ya miezi, aina nyingi zikiloweshwa hazitengenezi tena ABA kwa wingi ule wa mwanzo, na jiberelini kidogo tu huzitosha. Huko ndiko kuiva baada ya kuvunwa. Mkulima anayekwambia mbegu ya mwaka jana inaota vizuri kuliko ya jana hakudanganyi, ila haiwi hivyo kwa miti yote. Soma barua ya mwarobaini hapo chini.

Bi Mbegu, salaam. Nilivunja kokwa za pichi, nikatoa kiini, nikamenya ngozi na kukiotesha kwenye karatasi yenye maji, ili nikwepe ile miezi ya kuziweka mchangani ndani ya jokofu. Vimeota, lakini miche imedumaa: majani yamefungana juu ya shina fupi. Mbolea haijasaidia. — Mwenye Haraka

Dada, umerudia bila kujua jaribio la zamani sana katika fani hii, na majibu uliyoyapata ndiyo waliyoyapata wao. Kiinitete cha mpichi au mtufaha ambacho hakikupitia baridi kinaweza kuota ukikivua maganda yake, lakini mche wake hudumaa hivyo hivyo ulivyoeleza. Mizizi haina kasoro, chakula hakina kasoro. Ubwete umebaki kwenye kijichipukizi cha juu. Kinyunyizie jiberelini, au uweke mche wenyewe kwenye ubaridi kwa muda, nacho mara nyingi kitaanza kurefuka. Kwa kesi yako ningenyunyizia mchanganyiko mwepesi mara moja, nisubiri nione, kabla ya kurudia.

Lakini ulichotaka kukikwepa kina maana yake. Mbegu hizo zinahitaji baridi zikiwa zimelowa: nyuzi 2 hadi 7 hivi, mtufaha miezi miwili hadi mitatu, mpichi mitatu hadi minne. Zikiwa kavu baridi haizifanyii kitu, na kwenye sehemu ya barafu pia hazipati kitu, kwa kuwa uhai lazima uendelee ndani yake, polepole. Katika muda huo ABA hupungua. Mtu angeweza kudhani hiyo ndiyo siri yote, lakini watafiti waliziweka mbegu za mtufaha zilizolowa kwenye joto la kawaida, ABA ikapungua huko huko, na mbegu zikakataa kuota. Kinachoongezeka kwenye ubaridi, na hakiongezeki kwenye joto, ni uwezo wa mbegu kutengeneza jiberelini na kuiitikia. Narudia hoja hii kila nikipata nafasi, kwa sababu wauzaji wa dawa huandika "huondoa ABA" kwenye kibandiko, na mnunuzi anaridhika.

Jihadhari na jambo moja. Ukizitoa kwenye jokofu kabla ya muda, ukaziacha sehemu yenye joto, zinaweza kulala upya, na safari hiyo zikalala usingizi mzito zaidi. Na ukipanda miti ya jamii ya mshi wa Ulaya (Fraxinus, "ash" kwa Kiingereza), ule ambao kiinitete chake hakijakomaa tunda linapoanguka, utahitaji kwanza miezi ya ujoto ili kiinitete kikue, ndipo uzipeleke kwenye baridi. Porini mbegu hizo hukaa ardhini hadi zipite majira mawili ya baridi. Hapo hata mimi sina njia ya mkato ninayoiamini.

Habari Bi Mbegu. Msitu ukiungua, mvua ikinyesha, miche huibuka ambayo hatukuwahi kuiona pale. Ni joto la moto au kuna kitu kwenye majivu? — Mlinzi wa Msitu

Nzuri, bwana. Ni vyote viwili, ila kila kimoja kina wateja wake. Joto huzifungua zile mbegu za ganda gumu nilizomweleza Kijana wa Kitalu. Moshi nao una kazi yake ya kikemikali. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walikitenga kutoka kwenye moshi wa selulosi kitu kinachoamsha mbegu, na baadaye kundi lake likaitwa karikini. Kiasi chake kinachohitajika ni kidogo mno, na huzifikia mbegu pale mvua inapokishusha udongoni.

Karikini haihesabiwi kuwa homoni, kwa sababu mmea haujitengenezei, lakini mbegu ina kipokezi kinachoitambua. Ikishatambuliwa, inayofuata ni hadithi ile ile: utengenezaji wa jiberelini huongezeka, na mbegu inakuwa nyepesi zaidi kuuitikia mwanga. Mwanga wenyewe usiusahau. Kivuli cha majani hupitisha mwanga mwekundu wa mbali na kuunyonya ule mwekundu wa kawaida, na mbegu ndogo ndogo za miti inayowahi kwenye uwazi zina rangi-hisi inayoutambua uwiano huo. Mwavuli wa majani ukiondoka, mwekundu unafika chini, na mlolongo unaoishia kwenye jiberelini unaanza. Mbegu kubwa hazijali sana; zina akiba ya kutosha kuchomoza gizani.

Kwa hiyo mahali pamoja palipoungua waweza kukuta aina tatu za mbegu zimeamka kwa sababu tatu tofauti, nawe ukadhani ni majivu.

Bi Mbegu, nilianika mbegu za mwarobaini zikakauka vizuri sana, nikazifungia kwenye kopo. Baada ya miezi kadhaa hakuna hata moja iliyoota. Nitumie homoni gani? — Msomaji

Hakuna. Hizo zimekufa. Kata mbili tatu kwa wembe utazame: kiini kilichobadilika rangi na kusinyaa hakina wa kumwamsha. Kama una tetrazoliamu, dawa ya maabara ya kupima uhai wa mbegu, loweka mbegu zilizokatwa humo gizani. Tishu hai hugeuka nyekundu, zilizokufa hubaki zilivyo.

Mbegu ya mwarobaini haidumu, hukaa wiki chache tu kwenye hali ya kawaida, kwa hiyo isie mara tu inapotolewa nyama yake. Mwembe, mparachichi na mkakao ni wakali zaidi: ukizikausha mbegu zake unaziua. Hazina ubwete wa maana, nazo hutoka kwenye tunda zikiwa na maji mengi na zimekwisha kuanza safari.

Walio mbali kuliko wote kwenye njia hiyo ni mikoko. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikatoa kile kifimbo kirefu cha kijani, ndipo ikadondoka. Viinitete vya mikoko vilipopimwa na kulinganishwa na vya ndugu zake wasiootea juu ya mti, vilikutwa na ABA kidogo zaidi. Nimeshika vifimbo hivyo mara nyingi na bado hunishangaza: mti mzima ulioamua kuiacha hatua ya kulala.

Ni kweli homoni ilifufua mbegu ya miaka 2000? — Asiyeamini

Mtende ulioota ni wa kweli. Mbegu zilifukuliwa miaka ya 1960 kwenye ngome ya kale ya Masada, Israeli, zikakaa zimehifadhiwa miongo kadhaa, na mwaka 2005 moja kati ya zilizopandwa ikaota. Kipimo cha kaboni kilionyesha zina takriban miaka 2000. Kabla ya kupandwa zililowekwa kwenye maji, halafu kwenye jiberelini, halafu kwenye homoni ya mizizi.

Kufufua sasa, hapana. Kilichokihifadhi kiinitete ni ukavu na joto la jangwa lile, na mbegu iliyokuwa hai ilibaki hai. Mbegu iliyochoka namna hiyo huweza kuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kutengeneza jiberelini yake ya kutosha, na hapo homoni ya nje ina haki ya kusaidia. Nyingine zilizopandwa pamoja nayo zilipitia dawa zile zile, na hazikuota.

Je, maji ya dafu yanaamsha mbegu? — Mama wa Bustani

Yana sitokinini, homoni nyingine ya mimea, hilo ni kweli, na tangu 1941 wanasayansi wameyatumia kukuzia viinitete vichanga ndani ya chupa za maabara. Sitokinini huweza kupunguza makali ya ABA kwenye baadhi ya mbegu. Lakini maji ya dafu yana sukari pia, na kwenye kitalu kisicho safi ukungu ndio utakaotangulia kuota. Yanywe, mama.

Shikamoo bibi. Basi tuambie namna ya kuchanganya, maana kila mtu ana kipimo chake. — Wanakikundi wa Upandaji Miti

Marahaba wajukuu. Miligramu 100 za GA3 kwenye lita moja ya maji ndizo watu huita "100". Kwa mbegu za miti zilizothibitika kunywa maji na kukataa kuota, anzieni 100, jaribuni na 250 na 500. Unga huu hauyeyuki haraka majini. Uyeyusheni kwanza kwenye alkoholi kidogo sana, matone tu ya kutosha kuulowesha, kisha mmimine kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Vaeni glavu, msipulize unga. Tengenezeni wa kutumia siku hiyo. Mchanganyiko uliokaa dirishani wiki nzima hupoteza nguvu, na mimi sitaki kusikia matokeo yake.

Lowekeni saa 24, suuzeni, sieni. La muhimu kuliko kipimo ni kuwa na fungu la mbegu kutoka kwenye mfuko ule ule, zilizolowekwa maji matupu kwa muda ule ule, zikasiwa siku ile ile kwenye tuta lile lile. Bila fungu hilo hamtajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni maji. Nimeletewa taarifa nyingi za mafanikio ya homoni ambazo fungu la maji halikuwapo kabisa, na siku lilipowekwa, tofauti ikapotea.

Wala msidhani zaidi ni bora. Mbuni ni mfano ninaoupenda kuwatolea wapenda dozi kubwa. Ndani ya mbegu ya mbuni, jiberelini ya mbegu yenyewe inahitajika ili kulainisha ile sehemu ngumu iliyo mbele ya kijimzizi, na ABA huzuia ulainishaji huo. Mtu angetarajia kwamba kuongeza jiberelini kutoka nje kungeharakisha mambo. Ikaonekana kinyume: jiberelini ya ziada huzuia uotaji, na seli za kiinitete hufa. Kwenye miti mingine mbegu huota kwa fujo, halafu miche inarefuka, inapauka na kulala chini, kama mpunga wa Kurosawa. Mkiona hivyo punguzeni dozi kwa nusu na muda pia, na miche iliyokwisha kurefuka ipeni mwanga wa kutosha na umwagiliaji wa kiasi. Baadhi itakaza shina, mingine mtaitupa.

Na andikeni kwenye kila chungu, kwa penseli maana wino wa kalamu hufutika na maji: jina la mti, tarehe ya kuvuna, tarehe ya kusia, kipimo. Mkinitumia hesabu za kuota, nitumieni na za fungu la maji.